Kumtoa Baba Kwenye Video

Baba yangu alikuwa akiona kamera anabana pumzi. Mabega yanapanda, kidevu kinaingia ndani, macho yanakodoka, mikono inashuka ubavuni kama ya mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa kuulizwa jambo asilolijua. Alibaki hivyo mpaka apate hakika kwamba mpiga picha ameondoka. Nyumbani tulimtania sana kwa tabia hiyo, naye alitujibu kwamba picha ni shahidi, na mbele ya shahidi mtu hachezi.

Kwa hiyo alipofariki hatukuwa na picha hata moja iliyofanana naye. Picha zilikuwapo, sisemi hazikuwapo, lakini zote zilikuwa za yule mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Tuliyoibeba mbele ya jeneza ilitolewa kwenye kitambulisho chake na kukuzwa hadi ikawa kubwa kuliko sinia. Mama alikuwa ameketi mkekani pamoja na wanawake wenzake. Akaitazama, kisha akaniinamia sikioni.

"Huyu mliyemweka hapo ni nani?"

Nilidhani ni uchungu unaomsemesha, nikamshika mkono. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameuliza swali la kweli na alitaka jibu.

Ukafika wakati wa kujengea kaburi. Kwetu bara, upande wa Rabai, udongo huachwa kwanza ukae. Kisha jamaa hurudi, wakajenga kwa saruji na kuweka msalaba, na siku hizi hubandika pia marumaru ndogo yenye sura ya marehemu. Kazi hiyo aliisimamia baba mdogo, ndugu yake baba anayemfuata, mtu wa mipango na wa sauti kubwa. Alinipigia simu akanieleza: fundi atabandika Jumamosi, kwa hiyo picha ifike kwa mchapishaji wa Changamwe Ijumaa asubuhi. Nikikosa nyingine, ile ya kitambulisho si ipo? Saruji ikishakauka, alisema, ndiyo basi.

Mama aliposikia habari hiyo hakubishana na mtu. Siku ya pili yake alitoka kwake Ziwa la Ng'ombe akaja kwangu Kiembeni, amejifunga leso moja na nyingine ameikunja mkononi. Alipoikunjua ile ya mkononi ilitoka DVD. Ilikuwa harusi ya dada yangu, iliyopigwa zamani kwa kanda na baadaye ikahamishwa.

"Yumo humu," alisema, akaiweka juu ya meza yangu. "Mtoe."

Mimi kazi yangu ni kuandika. Kompyuta naijua kwa kuandikia, na siku nyingine kwa kuikasirikia. Lakini mama aliposema "mtoe" nilihisi kitu kinanichezacheza kifuani, na sikuona haya kukiita kwa jina lake: ilikuwa hamu ya kujua. Nilitaka kuona kama inawezekana. Mtu aliyekwenda anatolewaje ndani ya kitu kinachozunguka?

Kwanza nilifanya upuuzi ambao nadhani kila mtu huufanya. Niliicheza video, baba alipotokea nikaisimamisha, nikachukua simu nikakipiga kioo cha kompyuta picha. Sura ilitoka na mawimbi ya rangi yakipita juu yake, na katikati ya kifua cha baba kulikuwa na dirisha langu na mimi mwenyewe nimeshika simu. Mama alitazama akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Nimekuambia umtoe yeye. Sasa na wewe umeingia."

Basi nikatulia, nikaichunguza ile programu ya kutazamia video. Kumbe mlikuwa na amri ya kunasa picha ilivyo, bila kioo wala simu. Mlikuwa pia na kitufe ambacho ukikibonyeza mara moja video husogea hatua moja tu kisha husimama. Nilikibonyeza nikamwona shangazi anainua kijiko. Nikakibonyeza tena, kijiko kikasogea kidogo. Nilisoma kwamba sekunde moja ya video ile ni picha ishirini na tano zilizopangwa moja baada ya nyingine, nikamgeukia mama kwa furaha.

"Mama, kumbe ni picha tu! Hakuna kinachotembea humu. Ni picha nyingi, na jicho ndilo linalodanganyika."

"Basi chagua nzuri moja tuondoke."

Ilikuwa rahisi kusema. Harusi ile ilifanyiwa kwenye ukumbi wa kanisa, na mpiga video alikuwa na taa kali juu ya kamera. Mama na mimi tukiwa tumekaa mbele ya kompyuta, tuliiona ile taa ikipita kutoka meza hadi meza, na kila ilipofika watu waligeuka mawe. Shangazi aliganda na kijiko karibu na mdomo. Wazee wa kanisa walijipanga mstari bila kuambiwa. Mama mmoja alimnyanyua mtoto, akamgeuza uso kwenye taa, akangoja. Hakuna aliyetikisika. Walikuwa wakisubiri kamera ilie ndipo wapumue, na kamera ya video hailii, kwa hiyo walingoja na kungoja, mpiga video naye anangoja wachangamke. Tulikuwa na video ndefu ya watu wanaopigwa picha.

Nilicheka hadi machozi. Mama hakuona cha kuchekesha.

"Wewe ungefanyaje? Sisi tulizoea studio. Ukitikisika picha inaharibika, na hurudishiwi chochote."

Baba, bila shaka, alikuwa bingwa wao wote. Taa ilipofika kwenye meza yake alikuwa ameketi anakula. Akaacha kula, akafuta mikono, akasimama, akafunga vifungo vya koti, akabana pumzi. Picha za hapo zilikuwa safi ajabu. Hakuna ukungu, hakuna kivuli, hata fundo la tai lilionekana. Nilinasa kadhaa nikampangia mama kwenye kioo, nikiwa nimejaa majivuno kama mvuvi aliyejaza tenga.

Mama aliziangalia moja moja, taratibu.

"Huyu ni yule yule wa kitambulisho. Wamemvalisha tai tu."

"Mama, zimetoka vizuri hizi."

"Zimetoka vizuri. Yeye ndiye hakutoka."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilikuwa na hasira za mtu aliyepika, akaambiwa chakula hakina chumvi. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu kwamba jembe hili analichagulia shamba ambalo hatalima tena, kwa hiyo nimwache achague. Nikarudi kwenye kitufe changu.

Ikabidi tumtafute pale alipokuwa hajui kwamba anaonekana. Alikuwapo, nyuma ya watu wengine: anacheza kidogo karibu na mlango, anaongea na mkwewe, anacheka huku ameshika chupa ya soda. Video ikicheza ni yeye mtupu, mpaka mama anapiga goti lake kwa kofi: "Eeh, huyo!" Ninaisimamisha, anatoweka. Mahali pake pamesimama mtu mwenye jicho moja limefumba na mdomo umepinda kama anayeng'olewa jino. Nasogeza hatua moja, sasa ni mtu anayepiga chafya. Hatua nyingine, mtu aliyeambiwa habari mbaya. Nilikipita kicheko kizima cha baba, tangu kuanza mpaka kuisha, nikakagua kila picha iliyokijenga, na sikuona hata moja iliyokuwa ikicheka.

Jambo hili lilinishika kwelikweli. Nilisahau marumaru, nikasahau baba mdogo na Ijumaa yake. Kicheko kilikuwa wapi basi? Kama hakimo katika picha hii, wala katika ile inayofuata, na video nzima ni picha tu, je, kimekaa kati yake, mahali ambapo hapana picha? Nilimuuliza mama. Alisema hayo ni maswali ya mtu aliyeshiba, akaenda jikoni kutubandikia chai.

Kulikuwa na tatizo lingine. Kila baba alipotikisika, sura yake ilikatikakatika pembeni, mistari mistari kama meno ya chanuo. Nilifikiri DVD imekwaruzwa, na la kuvunda halina ubani. Lakini alipoganda mistari hiyo haikuwapo, kwa hiyo kosa halikuwa la DVD. Nikasoma tena, nikabonyeza huku na kule, na hatimaye nikapata maelezo yaliyonifanya niinuke kwenye kiti. Kamera za kanda za zamani hazikuchukua picha nzima kwa mara moja. Zilichukua kwanza mstari mmoja ukiruka mmoja, kisha, kitambo kidogo kabisa baadaye, zikarudi kuijaza ile iliyorukwa. Picha moja ilikuwa nyakati mbili zilizosukwa pamoja, kama miyaa ya ukindu ya rangi mbili katika mkeka mmoja. Mtu akiganda, nyakati mbili hulingana na huoni kitu. Akitikisika, kila wakati una sura yake, na ndipo meno ya chanuo yanapotokea.

Na programu iliweza kuufumua huo mkeka. Unaiambia ikupe wakati wa kwanza peke yake, au wa pili peke yake. Nilimweleza mama alipoweka vikombe mezani, nikatumia hata mikono yangu kumwonyesha, vidole vikipishana. Alisikiliza mpaka mwisho, maana mkeka anaujua kuusuka.

"Kwa hiyo kila picha ina baba yako wawili."

"Wawili, mama. Mmoja wa sasa na mmoja wa sasa hivi."

Alikunywa chai yake, akavuta kiti karibu. "Nionyeshe hicho kitufe."

Nikamwonyesha cha mbele na cha nyuma. Akaweka kidole, akabonyeza. Baba akasogea. Akabonyeza cha nyuma, baba akarudi alikotoka. Mama alikuwa hajawahi kuigusa kompyuta maishani, na sasa alikuwa anampeleka mumewe mbele na kumrudisha, mbele na kumrudisha, kwa kidole kimoja kilichozoea kuchambua mchicha. Alimnyanyua kitini, akamketisha tena. Alimfunga koti na kumfungua. Alimvutisha pumzi, kifua kikapanda, kisha akarudi nyuma polepole na kifua kikashuka. Alifanya hivyo mara nyingi. Nilijua nikimtazama usoni nitalia, kwa hiyo nilitazama kioo.

Akaita ghafla, kama niko chumba kingine.

"We mwana!"

"Abee, mama."

"Tazama hapa."

Taa ilikuwa imeshampita baba. Ilikuwa imehamia kwa shangazi, naye ameganda katikati ya picha na kijiko chake. Mimi nilikuwa nikiishia hapo kila mara, nikidhani zamu ya baba imekwisha. Lakini pembeni kabisa, kwenye nusu giza, baba alikuwa bado amesimama na pumzi zake, hajajua kama ameachiliwa. Na kutoka ukingoni mwa kioo ulikuwa unaingia mkono. Mkono wenye bangili moja nyembamba.

"Hapo nilimfinya," alisema mama.

"Ulimfinya?"

"Ubavuni. Nikamwambia, pumua we, ishapita."

Niliongeza sauti nisikie. Kulikuwa na kwaya na vyombo tu. Maneno yake hayakuingia kwenye kanda, na duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja anayejua kwamba yalisemwa.

Alibonyeza. Mkono ukafika ubavuni. Akabonyeza tena, mabega ya baba yakashuka. Akabonyeza tena, na hapo sura ikavurugika kwa meno ya chanuo, maana kichwa kilikuwa kinageuka. Nikamwomba anipishe. Nikaufumua ule mkeka nikapata wale wawili, nikawaweka ubavu kwa ubavu. Wa kwanza alikuwa bado anatazama ilikokuwa taa, ila shavu lilishaanza kumsaliti. Wa pili macho yalikuwa yamekwisha kuhama, yako kwa mama ambaye haonekani, na mdomo umeachia. Haukuwa umecheka bado. Ulikuwa unakaribia, na ndivyo alivyokuwa baba siku zote alizokaa nasi sebuleni: mtu anayekaribia kucheka.

Picha haikuwa safi. Ilikuwa na ukungu, na pembe moja ilikuwa giza tupu. Nilijaribu kumwongezea mwanga akawa wa kijivu.

"Usimpake poda," mama aliniambia. "Alikuwa mweusi, mwache mweusi. Huyo ndiye."

Ijumaa asubuhi tulikuwa Changamwe kwa mchapishaji, bwana mmoja mpole mwenye miwani, na baba mdogo alitukuta mlangoni. Nilimpa mchapishaji flashi yangu. Picha ilipofunguka kwenye kioo chake kikubwa, baba mdogo aliingia na sauti yake yote, kisha ikamwishia. Alisogea karibu. Alitoa kofia.

"Aah. Ndugu yangu."

Halafu akaonyesha kwa kidole.

"Na huu mkono wa nani?"

"Wangu," alisema mama.

Mchapishaji alisema hilo si neno, mikono anaitoa kila siku. Kweli, kwa muda mfupi tu mkono ukafutika, na palipokuwa na bangili pakawa na kitambaa cha koti kilichotengenezwa vizuri hata mimi nisingejua. Tukatazama sote. Kulikuwa na kasoro fulani, na nilihitaji muda kuiona. Baba alikuwa amegeuka kando, macho yanang'aa, anataka kucheka, na hapakuwa na mtu. Alikuwa mzee anayejichekea mwenyewe kaburini.

"Urudishe," alisema mama.

Baba mdogo alimgeukia, na nasema haki yake, aliongea kwa adabu. "Shemeji, tusikilizane. Kiungo cha mtu aliye hai hakiwekwi kwenye kaburi. Wazee hawatakubali. Ni kujiitia mkosi."

Nilikuwa tayari kupigana. Nilikuwa na hoja zangu zote kuhusu nyakati mbili na mistari na kicheko kinachokaa mahali pasipo picha, na nilishafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono begani nikaufunga.

"Mkosi gani, shemeji? Mahali pangu si ni pale pale kando yake? Mlikwisha kupima na kuniachia nafasi, nilikuona ukihesabu hatua. Basi mimi nimetanguliza mkono tu."

Mchapishaji alivua miwani akaifuta. Baba mdogo alitazama sakafu, akatazama picha, akavaa kofia yake. Kisha akamwambia mchapishaji aurudishe mkono, na wazee atazungumza nao yeye.

Alizungumza nao kweli, sijui kwa maneno gani. Jumamosi fundi aliipaka saruji ile marumaru nyuma, akaikandamiza chini ya msalaba, akaipangusa kwa kitambaa. Mzee mmoja aliusogelea mkono wenye bangili, akautazama, akamtazama mama, akaguna na kwenda zake kuketi. Mama alikuwa amesimama upande ule ambao udongo wake haujafunikwa. Alikuwa anamtazama baba, naye baba anamtazama yeye, kama mtu aliyeitwa.

Kabla ya kutawanyika baba mdogo aliamuru jamaa wote wasimame nyuma ya kaburi wapigwe picha. Tulijipanga, warefu nyuma na wafupi mbele, mimi karibu na mama. Mpwa wetu mmoja aliinua simu. Nilihisi mabega yangu yanapanda, kidevu kinaingia ndani, mikono inashuka ubavuni yenyewe. Sikuwa nimejua kabisa kwamba na mimi ninayo tabia hiyo ya baba. Nilikuwa nimebana pumzi.

Kitu kikanifinya ubavuni.

"Pumua we," alisema mama. "Ishapita."

Picha hiyo ninayo. Jamaa wote wamesimama wima kama nguzo, wamekodoa macho. Mimi peke yangu nimegeuka kando, jicho moja limefumba, mdomo uko wazi, sura ina ukungu. Ubavuni mwangu kuna mkono wenye bangili.